Waliozaliwa Wabelgiji Wakiondoka

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa stoo ya Kambi ya Barabara ya Nyabihanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, na ilipofika saa mbili wafanyakazi wote arobaini walikuwa wamesimama mbele yake. Wengi walitambua muhuri tu. Wakamsukuma mbele Stanislaus, msimamizi wa gengi la kokoto, kwa sababu mwaka uliopita, 1975, alikuwa amefaulu hatua ya nne ya elimu ya watu wazima, na tangu siku hiyo kila karatasi iliyofika kambini ilipitia kwake. Alipenda kusoma kwa sauti. Alifunga kifungo cha juu cha shati, akakohoa, akaanza.

Tangazo lilisema kwamba kutokana na hali ngumu ya uchumi, ukame na bei ya mafuta, kambi itabaki na watu kumi na sita. Hilo halikumshangaza mtu sana. Greda lilikuwa halijawashwa tangu Desemba, na kuku wa kambi walikuwa wakitaga chini yake. Kilichowafanya watu wasogee karibu ni makundi. Kundi la kwanza la kuondolewa ni wanawake wenye waume walioajiriwa. La pili, wasio raia. La tatu, waliotimiza umri wa miaka hamsini na mitano. La nne, vijana wasio na familia. Afisa utumishi atafika kutoka mkoani siku ya Ijumaa. Atakayepoteza kazi na anaishi katika nyumba za kambi ataondoka kabla ya mwisho wa mwezi.

"Basi wamefikiri vizuri," alisema Ndayiragije, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akibomoa mawe katika gengi la Stanislaus na kulala katika chumba chake cha nje. "Wanawake wana waume. Sisi wakimbizi tuna Umoja wa Mataifa. Wazee wana watoto, vijana wana wazazi. Kila mtu ametafutiwa wa kumlisha."

"Na wewe umetafutiwa mdomo," Stanislaus alimjibu, na watu wakacheka kidogo.

Hakuwa na moyo wa kucheka. Mke wake Pelagia alisimama nyuma pamoja na wanawake wengine watatu wanaochekecha mchanga, na alikuwa amelisikia kundi la kwanza. Lakini ndani yake Stanislaus alijiambia kwamba mshahara wa mke ulikuwa mdogo, na kwamba wa kwake ndio uliobeba nyumba. Yeye alikuwa raia, alikuwa na watoto watano, na alikuwa na miaka arobaini na mitano, mtu wa kuinua pipa la dizeli peke yake. Alilisoma tangazo mara ya pili kwa waliochelewa, na safari hii sauti yake ilikuwa imara zaidi.

Ndipo Abdalah, karani wa kambi, mtu wa Ujiji mwenye kofia nyeupe, alipotoka stooni na kumshika kiwiko.

"Njoo ndani, ndugu yangu. Usisome tena."

*

Faili lilikuwa wazi mezani. Abdalah aliweka kidole juu ya mstari mmoja. Stanislaus alisoma jina lake, kijiji chake cha zamani, jina la baba yake, kisha mwaka wa kuzaliwa: 1921.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni yako. Imetoka kwenye kipande chako cha mkonge, ile kadi ya kazi uliyopewa mashambani. Ulipoajiriwa hapa mwaka hamsini na nane ulileta kipande hicho, na karani wa wakati ule akakinakili. Na si wewe peke yako. Evaristi naye ni 1921. Bazilio mlinzi, 1921. Yule fundi wa toroli, 1921. Nilikuwa nikijiuliza siku zote mwaka huo huku Buha kulikuwa na nini."

Stanislaus alijua kulikuwa na nini. Mwaka 1947 wakala wa mashamba ya mkonge alipiga kambi Kasulu kutafuta manamba wa kupeleka Tanga, na vijana wa kilima chao walikwenda wote kwa pamoja. Wakala hakuchukua watoto. Mtu mmoja aliyekwisha kwenda na kurudi aliwafundisha njiani: karani akiuliza ulizaliwa lini, sema, Wabelgiji walipokuwa wakiondoka. Hakuna kati yao aliyejua miaka kwa namba. Nyumbani mtu alizaliwa wakati wa nzige, au wakati wa ndui, au mwaka ng'ombe walipokufa, na ilitosha. Wakasimama mstarini mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akatamka sentensi ile ile kwa sauti nzito ya kubuni, na karani, ambaye alijua kwamba Wabelgiji waliukabidhi upande huu kwa Waingereza mwaka 1921, akaandika. Stanislaus alikuwa na miaka kumi na sita. Alipanda lori akiwa na ishirini na sita.

"Nirekebishie," alisema.

"Kwa kalamu ipi? Nakala iko mkoani. Nikifuta hapa, kundi langu mimi litakuwa la tano, la watu wa jela." Abdalah alifunga faili. "Nina mama yangu Ujiji, Stanislaus, na wadogo zangu wawili waliorudishwa kutoka kiwandani Dar es Salaam. Usinitazame hivyo."

*

Jioni walikula ugali wa muhogo na maharage yenye mawese. Watoto walipewa sahani yao nje, pamoja na Ndayiragije, ili wakubwa wazungumze. Pelagia alikuwa bado na vumbi la mchanga kwenye nyusi.

"Hebu nieleze taratibu," alisema. "Mimi ninaondolewa kwa sababu nina mume mwenye kazi."

"Ndiyo."

"Na wewe unaondolewa kwa sababu ni mzee."

"Kwenye karatasi."

"Sasa huyo mume mwenye kazi ni yupi, Baba Immakulata? Kama yupo mwingine niambie nikampikie."

Stanislaus aliendelea kumega ugali bila kuupeleka mdomoni. Tangu mchana alikuwa ameshikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hata kule Tanga alikolala na watu mia katika banda moja. Kule alikuwa kijana asiye na kitu. Sasa alikuwa na nyumba namba saba, ambayo si yake. Shamba la baba yake lilibaki upande wa pili wa mto wakati watu walipohamishiwa vijijini miaka miwili iliyopita, na waliohama walikwisha kugawiwa viwanja. Aliyekuwa kambini wakati ule hakuandikwa popote. Kumtoa mtu namba saba ilikuwa ni kumweka barabarani, yeye na watoto watano na kuku.

"Nitakwenda Kabanga," alisema mwishowe. "Nilibatizwa misheni nikiwa mtoto. Daftari lao lina mwaka wa kweli. Nitaleta cheti, nimwonyeshe afisa."

"Na mimi?"

"Wewe utatoka. Lakini mmoja atabaki."

Pelagia alinawa mikono polepole. "Nimewaza kitu, usinikasirikie. Ukikubali kuwa mzee, utapewa kiinua mgongo chako cha miaka kumi na minane. Na mimi nitakuwa sina tena mume mwenye kazi. Kundi la kwanza halinihusu. Kazi yangu inabaki, na nyumba inabaki kwa jina langu."

"Nikae nyumbani nikilishwa na mchanga wako."

"Ukae nyumbani ukiwa ndani ya nyumba."

"Mama Immakulata, nina miaka arobaini na mitano."

"Najua unayo. Mimi ndiye ninayelala na wewe."

Stanislaus aliinuka, akatoka nje, akasimama karibu na greda mpaka hasira ilipopungua. Ndayiragije alipita na kopo la maji, akapiga magoti kidogo na kuanza kupiga makofi taratibu kama vijana wanavyowaamkia wakubwa huku Buha. "Mwakeye, mzee," alisema. "Mwakeye, babu yetu." Siku nyingine Stanislaus angemrushia kijiwe. Leo alimtazama tu, na Ndayiragije akaacha makofi.

"Wewe huogopi?" Stanislaus alimuuliza.

"Naogopa. Wanasema lori la kwenda kwenye makazi ya wakimbizi kule Tabora linasimama Kibondo kila Jumanne. Nina mke Kibondo, na mihogo ya miaka miwili haijang'olewa." Akanywa maji kidogo. "Lakini mimi walau kundi langu nalijua tangu nilipovuka mto."

*

Jumatano alikwenda Kabanga kwa miguu pamoja na Evaristi. Walikuwa wametoka kilima kimoja, wamepanda lori moja, na sasa walikuwa na tatizo moja, lakini Evaristi alitembea kama mtu anayekwenda arusini. Alikuwa na kipaji cha kuamini kwamba mambo yataeleweka.

"Afisa ni mtu aliyesoma," alisema. "Tutamwambia, ndugu, tulikuwa watoto, wakoloni walitutaka, tukasema uongo kwa wakoloni. Kumdanganya mkoloni ni kosa? Atatupa mkono wa pongezi."

Katekista Tharsisi, mzee aliyeshika mishumaa wakati nusu ya watu wa upande ule wakibatizwa, aliwafungulia daftari kubwa lenye harufu ya popo. Ilichukua saa nzima. Evaristi, mtoto wa miaka karibu minane, alibatizwa mwaka 1937. Stanislaus, mtoto wa miaka karibu sita, siku hiyo hiyo. Tharsisi aliandika vyeti viwili kwa mwandiko wa kulala, akavipuliza wino ukauke.

"Mnataka kuoa tena?" aliuliza.

"Tunataka kuwa vijana, mwalimu," alisema Evaristi.

Njiani kurudi Stanislaus alisoma cheti chake mara nyingi. Hakuwahi kumiliki karatasi iliyosema ukweli juu yake. Alijisikia mwepesi, na kwa sababu ya wepesi huo alianza kumwonea mke wake huruma, akapanga namna atakavyomweleza kwa upole kwamba mambo yamekwisha.

*

Ijumaa meza iliwekwa kwenye baraza ya stoo ili wote wasikie. Afisa utumishi, Ndugu Tamimu, alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi mwenye suti ya Kaunda na macho ya mtu asiyelala. Alikuwa ameanzia Kigoma, na Jumatatu angekuwa Kibondo na orodha nyingine. Alizungumza kwa adabu. Alisema hakuna anayefurahia kazi hii, kwamba hata ofisi yao mkoani imepunguzwa. Kisha aliwaambia wanawake wasubiri pembeni, kwani habari yao ni fupi, itafanywa mwisho. Pelagia na wenzake walisimama juani, kando ya rundo la mchanga.

Ndayiragije aliitwa wa kwanza. Aliulizwa alikozaliwa. Angeweza kutaja kijiji chochote cha Buha, maana lugha ni karibu moja, na Stanislaus alimwona akisita. Lakini watu arobaini walikuwa wakisikiliza, na si wote walikuwa rafiki zake, hasa mwaka huu ambao kila nafasi ilihesabiwa.

"Ruyigi, Burundi, ndugu," alisema.

"Utapewa barua ya kupanda lori Kibondo, Jumanne. Afuataye."

Haikuchukua hata dakika mbili. Ndayiragije aliipokea barua kwa mikono miwili, akarudi mahali pake, na hakufanya mzaha wowote.

Aliyefuata ni Evaristi. Alikuwa amevaa shati jeupe. Aliweka cheti mezani kabla hajaulizwa, akaeleza yote kama alivyopanga, Wabelgiji na lori na sauti nzito, na mahali pa kuchekesha alicheka yeye mwenyewe. Ndugu Tamimu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisoma cheti, akasoma faili, akaviweka kando kando.

"Kwa hiyo mwaka 1958 ulipoajiriwa na serikali ulitoa maelezo ya uongo."

"Nilitoa kipande tu, ndugu. Kilikuwa tayari kimeandikwa."

"Ukijua si kweli. Ukaweka kidole gumba."

"Ilikuwa serikali ya mkoloni."

"Mwaka sitini na tatu ulijaza fomu upya. Hiyo ilikuwa serikali gani?"

Evaristi alikisogeza cheti chake karibu zaidi na faili.

"Mimi situngi sheria," alisema Ndugu Tamimu, na ilikuwa wazi kwamba yeye pia hakulipenda jambo hilo. "Aliyestaafu analipwa kiinua mgongo. Aliyeajiriwa kwa udanganyifu anafukuzwa bila malipo, na nyumba anatoka leo. Kaa pale ukutani, taarifa yako itakwenda polisi wilayani waamue wao." Akainua macho na kuwatazama wote. "Ninaona hapa 1921 nyingine, na nyingine. Kuna mwingine mwenye cheti?"

Mkono wa Stanislaus ulikuwa mfukoni, na vidole vyake, bila yeye kuviamuru, vilikuwa vikikikunja cheti cha Kabanga mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidonge. Jina lake liliposomwa alikwenda mezani akihisi kwamba kila hatua ilikuwa ndefu mno na yenye nguvu mno.

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Alimtazama Evaristi pale ukutani. Evaristi alikuwa akimtazama yeye.

"Wabelgiji walipokuwa wakiondoka," alisema Stanislaus.

"Na wewe."

"Na mimi, ndugu."

"Kwa hiyo una hamsini na mitano." Ndugu Tamimu aliegemea nyuma. "Mimi baba yangu ana hamsini na mitatu na hana jino. Wewe una meno yote, na nywele nyeusi. Vua kofia."

Akavua. Jua lilimpiga kichwani. Hakuna mvi hata moja, naye alijua. Aliona nyumba namba saba, na mkeka, na watoto wameketi juu ya mzigo kando ya barabara aliyoitengeneza mwenyewe.

"Anapaka masizi, ndugu," ilisema sauti ya mwanamke.

Watu waligeuka. Pelagia alikuwa ametoka kwenye mstari wa wanawake na kusogea mpaka kwenye ngazi ya baraza.

"Wewe nani?"

"Mke wake. Anakwangua chungu changu kila Jumamosi, anachanganya na mawese, anapaka. Hataki kuonekana mzee kwa sababu alinioa mimi nikiwa mdogo. Nimemwambia aache, ananichafulia mito."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha wengi. Waliokuwa wakifanya kazi naye kila siku walicheka zaidi kuliko wote, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Stanislaus alikaza macho kwenye ubao wa sakafu.

"Lakini nasikia anainua pipa," alisema Ndugu Tamimu.

"Nani kasema? Anaviringisha, na kijana mmoja nyuma. Akirudi nyumbani namkanda magoti kwa maji ya moto. Usiku anaamka mara tatu kwenda nje, na kila akiamka ananiamsha mimi nimshikie taa. Miaka sita sasa mashamba na kuni ni mimi. Na hayo mengine, ndugu, nisiyaseme mbele za watu."

Safari hii hata Abdalah alificha uso kwa daftari. Damu ilimpanda Stanislaus mpaka masikioni. Alimtazama mke wake, mwanamke ambaye hakuwahi kumpandishia sauti mbele ya mgeni, akaona kwamba ingawa mdomo wake ulikuwa na kejeli, kanga alikuwa ameikamata kifuani kwa ngumi mbili.

"Na sasa anastaafu," aliendelea Pelagia, kwa sauti ya chini kidogo. "Kwa hiyo mimi sina mume aliyeajiriwa. Naomba ndugu uliangalie kundi la kwanza kama limeandikwa hivyo."

Ndugu Tamimu alichukua tangazo. Alilisoma polepole, midomo ikitembea. Akamtazama Evaristi ukutani, akamtazama Stanislaus, na pengine alielewa kila kitu, au pengine alikuwa amechoka na alikumbuka Kibondo. Alichukua kalamu, akaweka alama kwenye faili moja, akavuta karatasi ya wanawake na kufuta jina.

"Wewe utabaki kwenye mchanga mpaka Desemba. Desemba tutaangalia tena. Nyumba iandikwe kwa jina lake, karani." Kisha, kwa sauti tofauti kabisa, sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, akasema, "Shikamoo, mzee."

Stanislaus aliitikia.

"Fomu zako ni nyingi, zitachukua muda. Karani, mletee mzee kiti."

Abdalah alileta kiti. Stanislaus alikishika kwa mikono yote miwili kabla ya kukalia, akajishusha kidogo kidogo kama alivyokuwa akimwona baba yake akifanya, na kofia akaiweka juu ya magoti. Watu waliacha kucheka. Jina la Bazilio mlinzi liliitwa, naye akaja akichechemea mguu ambao jana ulikuwa mzima. Hatua tano kutoka pale, Evaristi alikuwa bado amesimama ukutani na shati lake jeupe. Neno moja kutoka kwake lingetosha, na hakuwa na sababu yoyote ya kulizuia. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Stanislaus hakuthubutu kugeuka kumtazama tena. Alikaa, mgongo umepinda, akisubiri fomu, na alichokiogopa kuliko vyote ni kwamba wakati utakapofika wa kusimama atasahau, na atainuka haraka.